Dume mkorofi bwawani: usiharakishe kumtoa

Wafugaji wenzangu wa samaki wa huku Malindi, sanasana wa Ganda na Mambrui, hunitumia picha na swali ni lile lile: huyu tilapia mmoja kabadilika rangi, kutwa anafukuza wenzake, ni mgonjwa nimtoe? Si mgonjwa huyo, ndo bosi wa bwawa, homoni zimempanda basi.

Kwanza ujue unafuga tilapia gani manake rangi zinadanganya. Yule wa Msumbiji dume akishatawala anakuwa mweusi tii na koo jeupe. Sasa yule wa Nile, ambaye wengi ndo tunaye, dume wa kuzalisha mapezi yake yanaingia wekundu, na ukiona samaki macho yamemgeuka meusi huyo mara nyingi ndo aliyepigwa, so usije ukamdhania mnyonge ndo mbabe.

Kinachowaendesha ni homoni za kiume kutoka kwenye korodani, na kwa samaki ile kubwa inaitwa 11-ketotestosteroni. Ikipanda, dume anachimba shimo lake pale chini, analilinda, anacheza mbele ya jike mpaka jike ataga, afu jike anabeba mayai mdomoni na kwenda zake. Na huyo wa Msumbiji ana mambo, anabana mkojo wake akisubiri jike akaribie ama dume mwenzake amtunishie kifua ndo anauachia kidogo kidogo, na ndani ya mkojo kuna harufu ya kutuliza madume wengine na kumtayarisha jike akomaze mayai. Yaani marashi yake ndo hayo, mniwie radhi wanaokula.

Sasa mbona nasema usimtoe? Sababu homoni hazipandi tu ndo ugomvi uanze, ugomvi wenye mshindi nao unazipandisha. Kuna watafiti Ureno, walichapisha 2005, walimwekea dume kioo akapigana na picha yake mwenyewe, akapigana kweli kweli lakini homoni hazikupanda, manake hakuna aliyeshinda wala kushindwa. Kwa hivyo ukimtoa bosi unafungua nafasi tu, aliyekuwa wa pili anapigana, anashinda, homoni zinampanda na yeye, na bwawa linaanza vita upya. Afadhali yule ambaye wenzake washamzoea.

Cha kufanya ni kuangalia idadi. Kama unazalisha, dume mmoja kwa majike wawili watatu, na uwape nafasi, weka vipande vya bomba ama mawe jike apate pa kujificha akichoshwa. Kama unafuga wa kula wala usichanganye madume na majike, huku kwetu maji ni ya joto karibu mwaka mzima so watazaana tu na utabaki na vidagaa. Watenganishe wakiwa kama gramu 30 hivi: mpindue samaki, angalia nyuma ya tundu la haja, dume kile kinundu kina tundu moja tu, jike ana matundu mawili na moja ni kama mkato wa kulala. Kama huoni vizuri paka wino kidogo wa kalamu, mkato utajitokeza.

Na hizi poda za homoni za kugeuza samaki wawe madume ambazo watu wanauliziana, jamani. Methyltestosteroni, ndo homoni yenyewe ya kiume ya kutengenezwa, hulishwa vifaranga wale wachanga kabisa, wiki tatu nne za mwanzo tu kabla jinsia haijakaa, na inataka vipimo na mtu anayejua anachoshika. Kumwagia samaki wakubwa ni kutupa pesa, jike wako hageuki dume. Ukitaka madume watupu nunua vifaranga waliobadilishwa tayari kutoka kwa mzalishaji anayeaminika, na hata hao wakifika ukubwa wa kupindua wapindue uhakikishe, majike wachache huponyoka humo, ukiwakuta watoe mapema uwakaange.