Anza na Live After Death

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kutafuta albamu za jukwaani za Iron Maiden, bendi ya heavy metal ya Uingereza, wakati za studio unazo zote, na uanze na ipi. Haja ipo, tena kubwa. Anza na Live After Death ya 1985. Sehemu kubwa ilirekodiwa Long Beach, California. Hotuba ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, inayofungua albamu ikiisha tu, wimbo wa Aces High unalipuka, na hapo hupumui tena.

Ila utamu wenyewe uko kwenye Rime of the Ancient Mariner, zaidi ya dakika 13. Pale katikati bendi inapotulia, sikiliza besi ya Steve Harris inavyotambaa chini polepole, halafu mwimbaji Bruce Dickinson anapasua kwa ukelele mmoja mrefu na magitaa yanarudi kwa kishindo. Studio haikuufikisha wimbo huo hapo.

Rock in Rio ya 2002 ni nzuri pia, magitaa matatu na umati unaoimba hadi melodi ya gitaa, lakini iwe ya pili.

Angalia tu toleo unalonunua: CD za mwanzo za Live After Death ziliacha nyimbo zilizorekodiwa ukumbi wa Hammersmith Odeon, London. Tafuta lililozirudisha.