Kupokea habari kwa punje ya chumvi

Swali: Waingereza hushauriana kupokea habari fulani "kwa punje ya chumvi". Wana maana gani, na msemo huo ulitoka wapi?

Jibu: Msikilizaji anatahadharishwa asiimeze habari nzima nzima, bali aipokee kwa shaka kidogo. Usiuchanganye na "kutia chumvi" kwetu, maana hapo chumvi ni ya msemaji. Asili ya msemo huo wa Kiingereza huelekezwa kwa Pliny, mwanazuoni wa Roma wa karne ya 1, aliyesimulia kwamba Pompey, jemadari wa Roma, baada ya kumshinda Mfalme Mithridates wa Ponto, alikuta katika hati za mfalme huyo dawa ya kukinga sumu: kokwa mbili kavu, tini mbili na majani 20 ya mmea mchungu, vyote vikatwangwa pamoja na kuongezwa punje ya chumvi, na mwenye kuila kabla ya kufungua kinywa hadhuriki siku hiyo. Chumvi ya Pliny ilikuwa chumvi halisi. Maana ya shaka ilijitokeza katika Kiingereza kuanzia karne ya 17.