Kuli ilivyosomwa nyumbani kwetu Kigoma

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni riwaya gani iliyokushika hata ukasahau mengine yote, na kwa nini?" Yangu ni Kuli ya Adam Shafi. Ilinishika nyumbani kwetu Mwanga, Kigoma, nikiwa sekondari, na mpaka leo, katika yote niliyosoma, sijapata ya kuiweka juu yake.

Mimi ni msomaji wa riwaya tangu nilipojua kuunganisha herufi. Za upelelezi nilizimaliza kwa pupa, hasa za Ben Mtobwa, ambaye watu wa Kigoma tunamhesabu wetu kwa kuwa ni mzaliwa wa huku. Kwenye hizo nilikuwa namkimbilia muuaji. Nikishamjua, kitabu nimekwisha nacho. Kuli haikuwa hivyo. Kaka yangu alitangulia kuisoma, akanisimulia yote mpaka mwisho nikimsihi anyamaze. Nikaianza najua kila kitakachotokea, na bado mama akiniita jikoni simsikii. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema msomaji hushikwa na hamu ya kujua mwisho. Mwisho nilikuwa nao tayari.

Kwa asiyeifahamu: ilitoka mwaka 1979, na mambo yake yanatokea Unguja wakati wa ukoloni. Rashidi, mtoto wa kuli, anaingia katika kazi ileile ya bandarini, anaonja dhuluma yake, na kidogokidogo anafumbuka macho pamoja na wenzake mpaka wanagoma. Mgomo huo si wa kubuni tu. Makuli wa Unguja waligoma kweli mwaka 1948.

Sasa, baba yangu alikuwa kuli. Wa bandari ya Kigoma, pale reli ya kati inapoishia na ziwa kuanza. Mzigo unashuka kwenye mabehewa, unapanda melini kwenda Burundi na Kongo, na katikati ya behewa na meli palikuwa na mabega ya watu. Baba alipakia hata Liemba. Historia ya meli hiyo kila mtoto wa Kigoma anakariri: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuungwa hapahapa kwetu, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Wageni huja kutoka mbali kuipiga picha. Nilikua nikijua miaka yote ya chuma kile, na sikuwahi kusikia popote habari za mtu aliyekipakia mizigo. Kisha nikafungua kitabu, mchukuzi wa mizigo ndiye mwenye hadithi, ana mama, ana hasira, ana mawazo.

Baba aliniuliza jioni moja, "Unasoma nini wewe mpaka huitiki?"

"Kuli, baba."

"Kuli gani?"

"Kuli wa bandarini. Wa Unguja."

Alinyamaza, kisha akasema, "Hebu soma nisikie."

Aliishia darasa la nne, na herufi ndogo zilimchosha. Nikawa namsomea ukumbini, umeme ukikatika tunawasha kandili, mama pembeni anachambua dagaa. Baba hakuwa msikilizaji mtulivu. Kila penye kazi ya bandarini alinisimamisha. Alinieleza jinsi vumbi la saruji linavyochanganyika na jasho likaunguza ngozi ya bega, kitu ambacho miaka yote nilikiona mwilini mwake bila kuuliza. Alinieleza vijiji vya mwambao visivyo na gati, meli inasimama mbali, mitumbwi inakuja ubavuni, na mzigo unateremshwa huku mawimbi yanapandisha na kushusha mtumbwi. Hayo yote hakuwahi kutuambia. Alikuwa mtu wa kurudi, kuoga, kula ugali wake wa muhogo na kulala.

Baadaye wenzake wakaanza kuja. Tulipofika kwenye mgomo, usomaji ulikwama kabisa, ukurasa mmoja unakula jioni nzima. Mmoja anasema yeye asingegoma, watoto watakula nini. Mwingine anamuuliza, kwani sasa hivi wanakula nini? Walimgombania Rashidi kama mtu wanayefanya naye kazi zamu moja. Mimi nangoja na kidole kwenye mstari.

Darasani riwaya hiyohiyo tuliulizwa dhamira, wahusika na mandhari, tukajibu, tukapewa maksi. Sina ugomvi na mitihani. Lakini wale wazee hawakuulizwa swali lolote, na ndio waliokisoma kitabu kile barabara kuliko darasa letu zima. Kinachomshika msomaji, kwa nilivyoona mimi, ni kukuta maisha yaliyodharauliwa yameandikwa kwa uzito, na mtu aliyejali kuyajua.

Mimi bado nangojea riwaya ya makuli wa Kigoma. Itoke na harufu ya mawese na migebuka, na Kiswahili cha Ujiji. Kama kuna mwandishi anayesoma ukurasa huu na anatafuta jambo la kuandika, baba yupo Mwanga na kumbukumbu zake hazijayumba, na wenzake wawili wa enzi zile wako Kibirizi. Ila asichelewe, maana waliokuwa wakija ukumbini kwetu walikuwa wengi kuliko hao.