Marumaru Huzoeleka, Foleni Haizoeleki

Nilijenga kwa miaka saba. Anayejenga kwa mshahara anajua miaka saba hubeba nini: mwaka huu msingi, mwakani tofali, kisha kuta zinakaa wazi misimu miwili zinaota majani huku wewe ukidunduliza hela ya bati. Kila nilipolipa kodi ya chumba na sebule pale Ilala, kila ugomvi wa luku ulipozuka uani, nilijiambia: ngoja nihamie kwangu Chanika, nitapumua.

Nikahamia. Usiku wa kwanza nilitembea pekupeku juu ya marumaru, nawasha taa, nazima, kama mtoto. Wiki ya pili bado nilikuwa nasimama getini kuitazama tu. Mwezi wa nne nyumba ilikuwa imegeuka mahali pa kulala. Naingia gizani nimechoka, natoka gizani sijachoka sana. Furaha niliyoikopesha miaka saba ikawa imelipwa yote kwa wiki kumi na kitu.

Nilidhani nina tatizo la kutoshukuru. Baadaye, katika kusomasoma, nikakuta jambo hili lina wenyewe. Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Philip Brickman na Donald Campbell, walilifananisha na kukimbia juu ya ile mashine ya mazoezi: jasho linakutoka, lakini uko palepale. Mwaka 1978 Brickman na wenzake wakachapisha matokeo ya kuwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, pamoja na watu wa maeneo yaleyale wasioshinda kitu. Washindi hawakuwazidi wenzao furaha kwa tofauti ya maana. Isitoshe, mambo madogo kama kupiga soga na rafiki au kunywa chai ya asubuhi yaliwapa raha pungufu kuliko wenzao. Katika utafiti huohuo walikuwamo watu 29 waliopooza kwa ajali, na hapa mitandaoni watu hupenda kutia chumvi eti walikuwa na furaha sawa na matajiri wale. Si kweli. Furaha yao ilikuwa chini ya wengine, ila haikuwa chini kiasi ambacho wewe na mimi tungebashiri.

Basi nikajiuliza: kama binadamu huzoea kila kitu, mbona sikuizoea foleni?

Chanika hadi mjini, siku njema, ni saa moja na nusu. Siku njema ni chache. Nilikuwa natoka saa kumi na nusu alfajiri ili nipate kiti, jioni nasimama kuanzia Kariakoo, kwapa la mtu usoni, mpaka Gongo la Mboto ndipo mguu unapata pa kukanyaga. Watafiti Alois Stutzer na Bruno Frey wa Uswisi waliwahi kuchambua takwimu za Wajerumani na kukuta kwamba kadiri safari ya kazini inavyokuwa ndefu, ndivyo mtu anavyoridhika kidogo na maisha yake. Kwa hesabu za wanauchumi, mshahara mzuri au nyumba nzuri ingepaswa kufidia machungu ya njia. Haikufidia.

Mimi nadhani sababu ni hii. Marumaru ni zilezile kila siku, kwa hiyo akili inaziacha ziende zake. Foleni kila siku inakuja na sura nyingine: leo lori limelala barabarani, kesho mvua, keshokutwa konda kakatisha ruti. Huwezi kuzoea kitu kisichotulia.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kiwanja, ushauri wangu ni mmoja na nitausema hata ukinichukia: usiwaze siku ya kuhamia. Waza Jumanne. Jumanne ya kawaida, katikati ya mwezi, hela imekata. Utaamka saa ngapi? Utapanda gari gani? Ukirudi, nani atakuwa bado macho? Wanasaikolojia wa Marekani Daniel Gilbert na Timothy Wilson wametumia miaka mingi kuonyesha kwamba tunapokisia hisia zetu za kesho, huwa tunazidisha ukubwa wake na muda zitakaodumu. Tunaona geti jipya, hatuoni Jumanne.

Sisemi pesa si kitu. Hilo huwa wanalisema walioshiba. Kule Rarieda, magharibi mwa Kenya, kaya maskini zilipewa fedha bila masharti kupitia M-Pesa, na watafiti wakaona wazi kwamba hali ya nafsi ya waliopokea ilipanda. Uchungu wa habari hiyo uko kwa jirani: ambao hawakupata, kuridhika kwao na maisha kulishuka walipoona wenzao kijijini wamepata. Niliposoma hilo niliwakumbuka wapangaji wenzangu wa Ilala siku lori lilipokuja kubeba vitu vyangu. Nilidhani wote wamefurahi.

Nao ndio niliowakosa. Uani pale tulikuwa kaya sita, bomba moja, kelele usiku kucha. Nilikuwa nauona ni mzigo. Chuo kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza mwaka 1938 ukiwafuatilia watu maisha yao yote, na kinachojirudia humo ni kwamba uhusiano mzuri na watu ndio unaoambatana na uzee wenye afya na furaha. Mimi nilijenga ukuta wa futi nane kuwazuia.

(Na lile daftari la shukrani, la kuandika mambo unayoyashukuru ili ujione una furaha? Nililijaribu kila usiku, wiki ya tatu nikawa naandika "nashukuru kwa hewa". Nikaliacha. Labda kwako litafaa, ila usiliandike kila siku.)

Nyumba sikuuza, wala sina mpango huo. Nilichobadilisha ni jioni. Nikitoka kazini sikimbilii tena kituoni. Napita Ilala, nakaa barazani kwa bibi muuza maandazi mpaka saa mbili usiku, barabara ikianza kufunguka ndipo naondoka. Nafika Chanika karibu saa ileile niliyokuwa nafika zamani, tofauti ni kwamba saa mbili nilizokuwa nasimama sasa nimekaa na watu. Nimerudi pia kwenye kikoba chao. Siku ya kwanza bibi alinitazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, si ulisema umehama?"

"Nimehama, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kaa. Ila sukari hapa siku hizi ni kwa zamu."

Yangu ni Jumanne.