Maswali yenu kuhusu Art Smith, vidani vikubwa na shaba

Tangu nimtaje Art Smith, yule sonara mweusi wa New York aliyekuwa anafua vidani vya shaba kama mtu anayechonga sanamu, simu yangu haipumziki, maswali yanaingia asubuhi jioni. Mengi yanafanana kwa hiyo nimechagua matano, nayajibu moja moja.

Huyu Art Smith ni nani hasa, mbona unamtaja sana? (Dada wa Tanga)

Dada, kazaliwa Cuba mwaka 1917, wazazi wake Wajamaika, familia ikahamia Brooklyn, sehemu ya jiji la New York, 1920 yeye bado mtoto wa miaka mitatu. Akapata nafasi Cooper Union, chuo cha sanaa pale New York, wakati ambao wanafunzi weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na washauri wakamsukuma asome usanifu wa majengo kwa kuona ndiko kijana mweusi angepata ajira. Hesabu zikamkatalia, akarudi kwenye sanaa, akamaliza 1940. Ufundi wa vidani alisoma jioni, lakini aliyemkomaza ni Winifred Mason, mwanamke mweusi aliyekuwa na duka lake la mapambo ya shaba mtaa wa Greenwich Village, Art akawa msaidizi wake dukani.

Mwaka 1946 akafungua duka lake mwenyewe, Cornelia Street. Hapa ndipo roho inaniuma kila nikisoma, maana baadhi ya majirani hawakutaka kumwona mtu mweusi na duka pale, wakamfanyia vurugu mpaka vioo vikavunjwa. Yeye hakuweka nyundo chini. Akahamia namba 140 West Fourth Street, karibu na bustani ya Washington Square, na hapo akafanya kazi mpaka 1979, miaka mitatu kabla hajafariki. Fundi anavunjiwa kioo halafu kesho yake anarudi kukaa kwenye meza ileile na koleo mkononi, mimi mtu wa namna hiyo nitamtaja kila siku.

Nimeona picha ya bangili yake imefunika mkono karibu kutoka kifundo hadi kiwiko. Mtu anavaaje kitu kama kile, si kizito? (Msomaji wa Mombasa)

Hiyo uliyoona nadhani ni ile inaitwa Lava, ya mwaka 1946 hivi, vipande vya shaba nyekundu na shaba ya njano vimepandana na kumwagika juu ya mkono kama uji wa moto wa volkano. Ukiikuta mezani yenyewe tu utajiuliza hiki kidude nini. Na Smith mwenyewe alikuwa anasema hivyohivyo, kwamba pambo halijakamilika mpaka likae mwilini, kwamba mwili ni sehemu ya kazi kama ilivyo hewa inayopita katikati ya waya. Yaani ule uwazi unaouona kwenye vidani vyake, pale ambapo hakuna chuma chochote, hajausahau, kauweka makusudi ili ngozi yako ionekane pale.

Uzito ndiyo hivyo, bati la shaba likiwa jembamba halina uzito wa kutisha, kinachochosha ni pambo lisilofuata umbo la mtu. Ukubwa kwa sehemu alijifunzia jukwaani, alikuwa rafiki wa Talley Beatty, mcheza dansi na mtunzi wa miondoko, akamtengenezea wachezaji wake mapambo, na pambo la jukwaani lazima mtu wa siti ya nyuma kabisa alione na mchezaji aweze kuruka nalo.

Hili nimelihakikisha kwa mikono yangu. Mwaka juzi nilichora kidani kwenye karatasi, kizuri kweli, nikakikunja vilevile kama mchoro, binamu yangu alipokivaa kikasimama mbali na shingo kama hanga la nguo, na ncha moja inamchoma. Nikakivua. Nikachukua waya laini nikauzungusha shingoni kwake mwenyewe taratibu, nikaona unavyopanda juu ya mtulinga, unateleza kidogo kwenye kishimo cha koo, unashuka upande wa pili chini zaidi maana bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote tumekua pamoja. Kidani kile cha pili akikivaa anasahau kama kipo. Tangu siku ile sichori kwanza, napima mwilini kwanza.

Shaba inaniachia kijani mkononi, ina sumu? (Mama Wawili, Morogoro)

Hapana mama, usiogope. Ni jasho na chumvi yake vinakutana na shaba, inatoka kijani, ukiosha na sabuni inaondoka. Vua kabla ya kuoga na kabla ya kupaka losheni, na upande wa ndani unaogusa ngozi paka nta kidogo au kyutex isiyo na rangi, ikichubuka unarudia. Ikipoteza ng'aro, ndimu na chumvi, unasugua kwa kitambaa, unaosha na maji, unakausha palepale. Ila kama ngozi inawasha na kutoa vipele hiyo siyo kijani tu, acha kuvaa, huenda kuna nikeli imechanganywa mle.

Fundi, kopa (shaba nyekundu) kwenye skrepa bei yake tunaijua, kwa nini kidani kimoja uniuzie elfu themanini? (Kaka wa Dar)

Kaka, nashukuru umeuliza waziwazi, maana wengine wanaondoka kimyakimya. Kuna mteja mmoja aliwahi kuja na mzani mdogo wa jikoni, akakiweka kidani changu juu, akapiga hesabu ya gramu kwa bei ya kopa, akanitajia elfu tatu na mia kadhaa. Iliniuma sana, na sikumuuzia.

Dhahabu unanunua kwa gramu kwa sababu kesho unaweza kuirudisha kwa sonara ukapata hela yako, hilo naelewa, mama zetu wameweka akiba kwa njia hiyo na ni akili kubwa. Lakini kuna pambo linalobeba thamani mahali pengine. Smith alitumia shaba kwa sababu ndiyo aliyoimudu, baadaye akafanya sana na fedha, na watu hawakumfuata kwa ajili ya gramu. Alitengeneza vifungo vya mikono ya shati vya Duke Ellington, mwanamuziki wa jazi, vyenye noti za wimbo wake Mood Indigo, na tawi la Peekskill la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, lilimwagiza bruchi (pambo la kubana kwenye nguo) ya kumpa Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Roosevelt wa Marekani. Mwaka 2008 Brooklyn Museum ikafungua maonyesho ya kazi zake, na shaba yake iliwekwa humo ndani ya kioo pamoja na fedha. Kwenye elfu themanini yangu kuna siku mbili za kazi, gesi, solda ya fedha, msasa, na kuna vidani vitatu vilivyopasuka kabla cha nne hakijakubali. Ukiona ni nyingi nakuelewa, nina hereni za elfu kumi na nazo nimezifua kwa mkono huuhuu.

Marehemu baba alikuwa fundi umeme, kaniachia rola la waya wa nyumba, ule mnene wa uzi mmoja. Nataka kumtengenezea mama kitu, nianze vipi? Sijawahi. (Binti wa Mbeya)

Mdogo wangu pole kwa msiba, na umewaza vizuri sana. Mtengenezee bangili ya wazi, ile isiyounganishwa, haitaki kulehemu. Usichome plastiki ya waya, ule moshi ni mbaya kifuani, chana kwa kisu uivue. Kama ni waya wa 2.5 (milimita za mraba) unene wake ni kama milimita 1.8, unatosha. Pima kifundo cha mkono wa mama kwa uzi, kata waya ukiacha uwazi wa vidole viwili kati ya ncha na ncha.

Weka waya kwenye moto wa gesi au mkaa mpaka uwe mwekundu wa kufifia, tumbukiza kwenye maji. Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, shaba inalainika, utaikunja kama kamba. Utakuta imekuwa nyeusi, ilaze kwenye ndimu na chumvi. Halafu iweke juu ya chuma bapa, gonga kwa nyundo yenye uso laini, pigo dogodogo yafuatane kutoka ncha hadi ncha, itapanuka na itaanza kuwa ngumu. Ukisikia inagoma usilazimishe itapasuka, rudisha kwenye moto. Ukiridhika izungushe kwenye chupa ipate duara, kisha ncha zote mbili zipige tupa na msasa mpaka upitishe ncha ya kidole usisikie mkwaruzo. Na usikate rola lote, mama akishaivaa utaona pa kurekebisha, na utataka kutengeneza nyingine.