Kabla ya kulipia chumba cha ufukweni, angalia jedwali la maji

Ndugu uliyeuliza kwa nini picha za hoteli zinaonyesha bahari ikigusa ngazi za chumba, ilhali waliotangulia wanasema walikuta mchanga na majani ya bahari hadi upeo wa macho: picha si ya uongo, na wao wamesema kweli. Picha ilipigwa maji yamejaa, wao walifika yamepwa. Kwenye kisiwa kidogo kilichozungukwa na mwamba, kujaa na kupwa ndiko kunakoamua saa ya kuogelea, saa ya boti, hata siku ya kurudi nyumbani. Chumba unaweza kubadilisha ukifika, maji huwezi. Ndiyo maana jibu langu litakaa zaidi huko.

Kwanza ujue kisiwa unachokwenda kinapwa kiasi gani. Visiwa vingi vya Karibi, tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita, na huko huna haja ya kuhangaika. Maldivi ni kama mita 1. Zanzibar, siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti hukaribia mita 4, na ufukwe ukiwa tambarare mita hizo ni mwendo mrefu wa miguu kuyafikia maji. Mteremko una uzito sawa na kipimo chenyewe: ufukwe unaozama ghafla hubaki na maji saa zote, hata bahari ishuke vipi. Fungua picha za setilaiti, utafute mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika nje. Ukiona kati ya mstari huo na mchanga kuna eneo pana lenye rangi hafifu, hapo panakauka au panabaki maji ya magotini. Kisha muulize mwenyeji swali lisilokwepeka: siku ya bamvua maji yakipwa, natembea hatua ngapi hadi nipate maji ya kiunoni? Anayeishi pale analijua jibu bila kufikiri.

Tarehe zipange kwa mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kilele chake kwa kawaida ni siku 1 au 2 baadaye. Maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana. Na hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui: kila mahali bamvua ina saa zake, na hazihami sana mwaka mzima. Pwani ya Afrika Mashariki, bamvua hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maji mafu ni kinyume chake, kujaa huangukia karibu saa 4 asubuhi. Basi anayetaka kuogelea asubuhi mbele ya chumba chake achague maji mafu. Anayetaka kutembea mwambani achague bamvua. Wiki moja iliyopangwa vizuri inakupa vyote viwili. (Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, haifuati hesabu hii: huko maji hujaa adhuhuri na usiku wa manane karibu kila siku, kwa sababu yanafuata jua kuliko mwezi.)

Jedwali la maji, yaani orodha ya saa na vipimo vya kujaa na kupwa, linapatikana bure mtandaoni, ila lina mitego mitatu. Saa zake ni za mfumo wa 24, na sisi tunaohesabu kwa Kiswahili hukosea hapo mara kwa mara: 16:10 ni saa 10 na dakika 10 jioni, na 10:20 ni saa 4 na dakika 20 asubuhi. Hakikisha pia ni saa za eneo lile, kwa kuwa baadhi ya majedwali hutumia saa za Greenwich. Mtego wa pili ni kipimo. Ukisoma mita 0.3 usidhani utakuta sentimita 30 za maji mbele ya chumba. Sifuri ya jedwali iko karibu na usawa wa chini kabisa ambao bahari hushuka, kwa hiyo 0.3 maana yake pwani iko wazi. Tatu, jedwali ni la bandari fulani. Upande wa pili wa kisiwa, au ndani ya ghuba yenye mdomo mwembamba, maji huweza kuchelewa sana, hivyo siku ya kwanza kaa utazame yanageuka saa ngapi hasa, uandike tofauti.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti yote katika sehemu 12 sawa: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, unaona kama hayajaanza. Saa ya tatu pekee ni sentimita 90. Anayejiambia "bado yapo chini" katika saa ya kwanza hushangaa saa ya tatu yamemfikia kifuani.

Kwa hiyo matembezi ya mwambani yaanze saa moja na nusu au mbili kabla maji hayajapwa kabisa, na ugeuke kurudi saa ile ile yanaposimama, hata kama mbele bado pamekauka. Usisubiri miguu ilowe. Pwani haijai kuanzia mbele yako kuja nyuma. Maji hupita kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo kati yako na ufukwe, na wewe umesimama juu ya kilima cha mchanga ukijiona salama. Vaa viatu vyenye soli ngumu, si kandambili. Kanyaga mchanga, usikanyage matumbawe yaliyo hai: mengi hukua sentimita chache tu kwa mwaka, na kisigino kimoja kinavunja ukuaji wa miaka. Chagua mahali unapouona mchanga wazi, kwa sababu samaki-jiwe hutulia akafanana kabisa na jiwe lenye ukungu, na miiba yake ya mgongoni ina sumu. Akikuchoma, toka majini, uloweke mguu kwenye maji ya moto ya karibu nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90, kisha uende hospitali. Joto hupunguza nguvu ya sumu. Maji yapimwe kwanza kwa mkono mzima usio na jeraha, maana mguu wenye maumivu hauhisi unapoungua.

Kwa kuogelea na miwani na mrija wa kupumulia, saa bora ni ile ya mwisho ya kujaa hadi maji yasimame. Yanayoingia yanatoka bahari kuu, ni meupe. Yanayotoka yamebeba mchanga na tope la mikoko. Ila maji yakipwa kaa mbali na mlango wa mwamba, yaani upenyo ambao maji hupitia kuingia na kutoka. Mwamba ukianza kujitokeza, maji yote yaliyobaki ndani hayana pa kupita ila pale, na yanapita kwa kasi. Linalowaponza watu ni kwamba mlango unaonekana shwari: una kina kirefu, mawimbi hayavunjiki hapo, hakuna povu, basi wanaona ndiyo sehemu salama. Tupa jani majini. Likienda haraka kuliko mtu anayetembea polepole, usiingie. Ukishachukuliwa usipigane na mkondo: elea, kata upande, nyoosha mkono juu uitie boti.

Boti nazo hufuata maji. Chombo kilichoondoka saa 2 leo, kesho huenda kikawa kimepwelewa mchangani saa hiyo hiyo, kwa hiyo muulize nahodha "tunaondoka na maji gani?" Kama mnapanda maji yakiwa chini, mtavuka kwa miguu mkiwa na mizigo, kwa hiyo vyeti, simu na dawa viwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Upepo ukikutana uso kwa uso na maji yanayotoka, mlangoni huinuka mawimbi mafupi yaliyosimama, na nahodha akikataa kuvuka msimlazimishe. Weka usiku mmoja mzima kati ya boti ya mwisho na ndege. Kama umepiga mbizi kwa mtungi siku kadhaa mfululizo, acha angalau saa 18 kabla ya kuruka, kwa hiyo siku ya mwisho iwe ya ufukweni tu.

Ukifika, kabla hujatandika taulo au kuacha viatu, tazama mistari ya majani makavu juu ya mchanga. Wa chini, wenye unyevu, ni wa maji ya mwisho kujaa. Wa juu, mkavu, unaovunjika ukiushika, ni wa bamvua iliyopita. Vitu vya kulala nje viweke nyuma ya huo wa juu, na upepo ukivuma kutoka baharini ongeza hatua kadhaa.