Kuku wangu wananuka shombo, niwape dawa gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa nyama hapa Buswelu, Mwanza, chakula nachanganya mwenyewe. Dagaa wa kulishia nachukua Mwaloni Kirumba, naweka kilo 15 kwenye kila kilo 100. Kuku wanakua vizuri, ila mama ntilie anayenunua kwangu analalamika kuwa wakichemshwa wananuka shombo. Jirani anasema ipo dawa ya unga inayokata harufu. Ni ipi?

JIBU: Marahaba. Hela ya dawa hiyo iache mfukoni. Shombo hiyo inatoka kwenye mafuta ya dagaa. Kuku akiyala, sehemu yake inakwenda kukaa kwenye mafuta yake mwenyewe, chini ya ngozi na tumboni, na ukishaiona kwenye sufuria hakuna unga wa kuirudisha nyuma. Inapungua kuku akikaa siku za kutosha bila kula dagaa.

Kilo 15 ni nyingi mno. Kwa vifaranga weka 8 hadi 10, kisha shuka hadi 5. Wiki mbili za mwisho kabla ya kuchinja, dagaa wasiwemo kabisa.

Waangalie na dagaa wenyewe. Wa masika hukauka polepole, mafuta yao huchacha na kuharibu vitamini E kwenye chakula chote. Walioanikwa chini huja na mchanga. Twanga konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, acha itulie: mchanga unatangulia chini. Ukiona tabaka nene, ujue umeuziwa ufuo wa ziwa kwa bei ya protini. Na kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanaadimika na bei inapanda, kwa hiyo si vibaya kujifunza kulisha bila wao.

Chakula cha mwisho, kwa kilo 100, changanya hivi: mahindi ya kuparaza 58, soya 28, mashudu ya alizeti 10, unga wa mifupa 2, chokaa ya mifugo 1. Kilo moja inayobaki igawe: chumvi gramu 300, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) 300, na viini viwili vya kujengea protini, laisini 200 na methionini 200. Utapata protini ya karibu asilimia 18.

Soya lazima ikaangwe mpaka iwe kahawia na inukie kama karanga. Ikiwa mbichi inazuia kuku kumeng'enya protini, utamwaga chakula na wasikue. Ikiungua nayo imepoteza laisini. Mashudu ya pamba, ambayo huku kwetu ni rahisi, waachie ng'ombe wa kunenepesha. Yana sumu ya gosipoli inayodumaza kuku.

Wengi wakitoa dagaa husahau kuwa wametoa na mifupa yake. Makombe ya ziwani yaliyosagwa yanaleta kalsiamu peke yake, fosforasi hayana, na kuku wazito wanaanza kuchechemea. Ndiyo maana unga wa mifupa uko kwenye orodha hapo juu. Nunua uliochomwa vizuri, mweupe na usio na harufu.

Wiki hizo mbili zikiisha, usiuze kundi zima kwanza. Chinja mmoja, mchemshe kwa maji na chumvi tu, bila tangawizi wala ndimu, umwonje. Akinuka bado, ongeza siku nne.